Nani Anashika Daftari la Majaribio ya Dawa?

Oktoba 2024, shirikisho la kampuni za dawa barani Ulaya, EFPIA, lenye makao yake mjini Brussels, lilitoa ripoti ya kutia wasiwasi. Kati ya majaribio yote ya dawa yanayodhaminiwa na kampuni duniani, Umoja wa Ulaya na majirani zake wa karibu walikuwa na asilimia 22 mwaka 2013. Ilipofika 2023 walikuwa wamebaki na asilimia 12. Kazi imehamia kwingine, hasa China. Tangu hapo mjadala umekuwa wa kasi: vibali vitoke upesi, urasimu upungue, hospitali za umma zifungue milango ili utafiti urudi. Ni hoja yenye uzito, maana jaribio likiondoka linaondoka na nafasi ya mgonjwa kupata dawa mpya miaka kadhaa kabla haijaingia sokoni. Lakini kasi ni nusu tu ya jambo lenyewe. Historia ya Brussels, ambayo kwa zaidi ya miaka 60 imekuwa kitovu cha mitandao ya watafiti wa hospitali za umma, inaonyesha kwamba kinachoamua kama umma utafaidika ni nani aliyetunga swali la jaribio na nani anayeshika daftari la majibu. Nchi inayofungua milango ya hospitali zake kabla ya kulimaliza hilo itapata majaribio mengi na faida haba. Wala hayo si ya Wazungu peke yao. Vituo vya Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na Homa Bay vimeshaingia mikataba ya aina hii, na vitaingia tena.

Kwanza ieleweke kwa nini kampuni zinazihitaji hospitali za umma. Kampuni ina molekuli, maabara, mawakili na fedha, lakini haina wagonjwa. Wagonjwa wako hospitalini, na Ubelgiji, ambako karibu kila mkazi yumo katika bima ya lazima chini ya taasisi ya taifa ya INAMI, hospitali zinaendeshwa kwa fedha za umma hata pale mmiliki anapokuwa chuo kikuu au shirika la dini. Karibu kila kitu kinachowezesha jaribio kimeshalipiwa na wananchi kabla kampuni haijapiga hodi: daktari amesomeshwa, mashine ya mionzi imenunuliwa, mafaili ya wagonjwa ya miaka mingi yametunzwa. Hata hivyo hospitali moja haitoshi. Chukua glioblastoma, saratani kali ya ubongo. Inawapata watu watatu au wanne hivi katika kila watu 100,000 kwa mwaka, na miongoni mwa hao wamo wazee na wadhaifu wasioweza kuingizwa kwenye utafiti. Kampuni inayotaka wagonjwa 500 italazimika kuzungukia hospitali kadhaa wa kadhaa, kila moja na kamati yake ya maadili, mwanasheria wake, bei zake na namna yake ya kuandika kumbukumbu. Hapo ndipo mtandao unapopata kazi.

Mkongwe wa mitandao hiyo ana ofisi Avenue Mounier, mtaa wa Woluwe-Saint-Lambert, mashariki mwa Brussels, jirani na hospitali ya Saint-Luc. Ni Shirika la Ulaya la Utafiti na Tiba ya Saratani, EORTC, lililoanzishwa mwaka 1962 na Henri Tagnon wa Taasisi ya Jules Bordet, hospitali ya saratani ya jiji hilo, pamoja na wenzake wa nchi jirani. Mwaka 1974 lilifungua kituo chake cha data hapo Brussels, na kwa maoni yangu hatua hiyo ndiyo iliyolipa uzito wote lilio nao leo. Daktari wa Uholanzi au Uswisi aliyetaka kumwingiza mgonjwa kwenye jaribio aliwasiliana na Brussels. Kura ya nani apate tiba mpya na nani abaki na ya kawaida ilipigwa Brussels, ili daktari asije akawapeleka wagonjwa wenye nguvu upande aupendao. Fomu za kila ziara, kila kipimo cha damu, kila madhara yaliyojitokeza zilirudi Brussels, zikahakikiwa, na pale palipokuwa na nafasi tupu au tarehe isiyoingia akilini swali lilirudi hospitalini. Wanatakwimu waliozisoma waliajiriwa na mtandao, hawakuajiriwa na mwenye dawa.

Matunda ya utaratibu huo yanaonekana katika jaribio la EORTC namba 26981, lililoongozwa na Roger Stupp wa Lausanne kwa ubia na kundi la watafiti wa Canada. Kati ya Agosti 2000 na Machi 2002, wagonjwa 573 wa glioblastoma kutoka hospitali 85 za nchi 15 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata mionzi peke yake, ambayo ndiyo iliyokuwa tiba ya kawaida. La pili lilipata mionzi pamoja na vidonge vya temozolomidi vya kampuni ya Schering-Plough, kila siku kwa kipindi chote cha mionzi, kisha mizunguko ya ziada isiyozidi sita. Matokeo yalichapishwa Machi 2005. Nusu ya waliopata dawa walivuka miezi 14.6, kwa wasiopata, nusu walivuka miezi 12.1. Miezi miwili na nusu yaweza kuonekana kidogo kwa asiyeijua saratani hii, lakini namba ya kuitazama ni ile ya waliokuwa hai baada ya miaka miwili: asilimia 26.5 upande mmoja, 10.4 upande wa pili. Hadi leo madaktari wa saratani huiita tiba hiyo kwa jina la Stupp, na ndiyo wanayoanza nayo.

Toleo lile lile la jarida lililochapisha matokeo hayo lilibeba makala ya pili, ya Monika Hegi na wenzake, na kwa hoja ninayoijenga hapa hiyo ndiyo yenye uzito zaidi. Walichukua vipande vya uvimbe vilivyohifadhiwa kutoka kwa wagonjwa 206 wa jaribio hilo, wakapima jeni iitwayo MGMT, wakakuta kwamba waliofaidika sana na vidonge ni wale ambao jeni hiyo ilikuwa imezimwa, nao walikuwa chini ya nusu. Kwa waliobaki faida ilikuwa ndogo. Kampuni inayouza vidonge haina sababu ya kibiashara ya kwenda kutafuta kundi lisilofaidika navyo. Mtandao ulikuwa na sababu, ulikuwa na vipande, na ulikuwa na kumbukumbu za nani aliishi kwa muda gani. Kama data zile zingekuwa zimelala kwenye kabati la kampuni peke yake, swali hilo huenda lingechelewa miaka, au lisingeulizwa kabisa.

Jaribio la pili la kujifunza nalo pia lina mizizi Brussels. Mwaka 1999 Martine Piccart wa Jules Bordet alianzisha mtandao wa makundi ya watafiti wa saratani ya matiti, BIG. Miaka miwili baadaye ukaanza pamoja na kampuni ya Roche jaribio la HERA, la dawa ya Herceptin kwa wanawake wenye aina ya saratani ya matiti iitwayo HER2, baada ya kumaliza tibakemikali. Waliingia wanawake 5,102 wa nchi 39. Roche ndiyo iliyokuwa mdhamini, lakini data zilikusanywa katika kituo cha BrEAST, ndani ya Jules Bordet, na wachambuzi wake hawakuwa waajiriwa wa Roche. Mwaka 2005 jibu la kwanza lilikuwa la kufurahisha pande zote: mwaka mmoja wa Herceptin ulipunguza hatari ya ugonjwa kurudi kwa karibu nusu. Lakini jaribio lilikuwa pia na kundi la wanawake waliotibiwa miaka miwili. Fikiria maana yake kwa muuzaji: tiba ya miaka miwili ni mauzo maradufu kwa kila mgonjwa. Mwaka 2013 jibu likachapishwa waziwazi katika jarida la Lancet. Miaka miwili haikuongeza chochote juu ya mwaka mmoja, na ilileta matatizo zaidi ya moyo. Tiba ikabaki ya mwaka mmoja.

Mwaka mmoja wenyewe, hata hivyo, ulitokana na uamuzi wa wabunifu wa majaribio ya mwanzo. Hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba miezi sita haitoshi. Hapa ndipo mpaka wa ubia na kampuni unapoonekana. Roche ilikuwa tayari kulipia swali la kama tiba ndefu ni bora. Swali la kama tiba fupi inatosha halikuwa na mnunuzi. Lilikuja kulipiwa na fedha za umma za Uingereza, katika jaribio la PERSEPHONE lililowapokea wanawake 4,089 katika hospitali za umma 152. Jibu lilitoka mwaka 2019: baada ya miaka minne, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 89.4 kwa tiba ya miezi sita na 89.8 kwa tiba ya mwaka, na walioacha dawa kwa sababu ya moyo walikuwa asilimia 3 dhidi ya 8. Jaribio la Ufaransa lililotangulia, PHARE, lilishindwa kuthibitisha kwamba miezi sita ni sawa na mwaka, kwa hiyo madaktari wengi wamebaki na mwaka mmoja na mabishano hayajaisha. Lakini mabishano yenye ushahidi ni bora kuliko kimya, hasa katika nchi ambako dozi moja ya dawa hiyo inazidi mshahara wa muuguzi. Ubelgiji imelielewa hilo. Tangu 2016 kituo cha serikali cha utafiti wa huduma za afya, KCE, chenye ofisi katikati ya Brussels, kinatumia fedha za bima ya afya kulipia majaribio yasiyo na mdhamini wa kibiashara, mengi yakiwa ya kulinganisha tiba ambazo tayari zinatumika. Bima ndiyo inayolipa bili ya dawa. Ina haki ya kuuliza kama dawa zote zinahitajika. Mtandao usio na fungu lake wenyewe utaishia kujibu maswali ya wengine.

Wako watakaosema kwamba masharti haya yatazikimbiza kampuni, nazo zimeshaanza kukimbia. Hilo ndilo pingamizi zito kuliko yote, na Ubelgiji yenyewe ndiyo yenye jibu. Sheria yake ya 7 Mei 2004 kuhusu majaribio kwa binadamu ilimtwisha mdhamini dhima hata pale asipokuwa na kosa: mshiriki akidhurika kwa sababu ya jaribio, mdhamini analipa, na mgonjwa hahitaji kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Bima ya kulifidia hilo ni ya lazima. Ni sharti gumu. Sheria hiyo hiyo iliweka muda wa siku 15 wa kuamua maombi ya majaribio ya awamu ya kwanza yanayofanyika ndani ya nchi, na kampuni zikamiminika. Ubelgiji ikawa miongoni mwa nchi za Ulaya zenye majaribio mengi zaidi kwa idadi ya watu wake. Kampuni haikimbii sharti linalojulikana mapema, lililoandikwa sawa kwa kila mtu, lenye gharama inayoweza kukadiriwa. Inakimbia kubahatisha: barua isiyojibiwa, kamati inayokutana inapotaka, mwanasheria wa hospitali anayekaa na mkataba miezi minane. Anayedhani kwamba kumlinda mgonjwa ndiko kunakochelewesha utafiti amekosea mahali pa kutazama.

Pingamizi jingine linatoka wodini, na linastahili kusikilizwa na kila waziri wa afya. Muuguzi anayechukua damu ya utafiti saa nne asubuhi ndiye yule yule anayesubiriwa na foleni ya kliniki. Mashine inayopiga picha ya jaribio haipigi picha ya mwingine kwa wakati huo. Uingereza, yenye mtandao wa utafiti uliosambaa katika huduma yake yote ya afya ya umma, iliwahi kuonyesha nguvu ya mtandao wa namna hiyo: jaribio la RECOVERY lilianza Machi 2020, na Juni 16 likatangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu iliyozoeleka kila mahali, inapunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 walio kwenye mashine ya kupumulia kwa theluthi. Lakini mtandao huo huo, kwa mujibu wa tathmini ya James O'Shaughnessy ya Mei 2023, ulishuhudia idadi ya wagonjwa wanaoingizwa kwenye majaribio ya kampuni ikishuka kwa asilimia 44 kati ya 2017/18 na 2021/22. Hospitali ikielemewa, utafiti ndio wa kwanza kuwekwa kando, kwa kuwa hakuna mgonjwa atakayefariki leo kwa kukosa fomu. Mtandao unaofaa ni ule unaomtoza mdhamini gharama halisi, muuguzi wa ziada akiwemo, na kuhakikisha fedha hiyo inafika idara iliyofanya kazi badala ya kumezwa na mfuko wa jumla wa hospitali.

Tatu, na hapa nakubaliana na wakosoaji kwa sehemu kubwa, mitandao yenyewe inaweza kugeuka mali ya kampuni. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya na EFPIA walianzisha mjini Brussels ubia mkubwa wa utafiti wa dawa, IMI, ambao katika awamu zake mbili ulitengewa zaidi ya euro bilioni 5. Nusu ni fedha taslimu ya umma. Nusu ya kampuni ilikuja zaidi kwa njia ya muda wa wataalamu wao na vifaa vyao. Mei 2020, dunia ikiwa imefungwa na korona, asasi ya Corporate Europe Observatory, nayo ya Brussels, ilionyesha kwamba mwaka 2017 Tume ya Ulaya ilipendekeza ubia huo ufadhili maandalizi dhidi ya magonjwa ya mlipuko, na upande wa kampuni haukuafiki. IMI ilikuwa na mambo mazuri, na mitandao ya majaribio ya viuavijasumu iliyofadhili ni mojawapo. Kasoro yake ilikuwa ya kimuundo: mwenye dawa alikaa kwenye meza inayochagua maswali, na kura yake ilikuwa sawa na ya umma. Huo si ushahidi dhidi ya mitandao. Ni ushahidi kwamba kushirikiana kwenye kazi na kushirikiana kwenye kuchagua kazi ni mambo mawili tofauti.

Hayo yote yana sura yake Afrika Mashariki, na uzi wake unaanzia kama kilomita 20 kutoka Brussels, katika mji wa Rixensart. Katika maabara za huko, ambazo leo ni za GSK, ndiko chanjo ya malaria ya RTS,S ilikobuniwa mwaka 1987. Ilihitaji watoto wanaoishi na malaria, na Ubelgiji haina. Mei 2009 mtoto wa kwanza wa awamu ya tatu alichanjwa Bagamoyo, katika kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichoko kwenye hospitali ya wilaya. Kufikia mwisho, watoto 15,459 wa vituo 11 katika nchi saba walikuwa wameingia, vikiwemo Korogwe kwa upande wa Tanzania, na Kilifi, Siaya na Kombewa kwa upande wa Kenya. Haikuwa bahati kwamba vituo hivyo vilikuwa tayari. Salim Abdulla na wenzake wa Bagamoyo, pamoja na wale wa Kilifi na Korogwe, walikuwa wamechapisha matokeo ya awamu ya pili mwaka 2008, na mtandao wa INDEPTH wa Accra ulikuwa umeshapitisha fedha za mafunzo na vifaa kwa vituo vya namna hiyo tangu 2006. Watafiti wakuu wa vituo walikaa na GSK na shirika la PATH katika kamati moja ya ubia, mwenyekiti akiwa Tsiri Agbenyega wa Ghana.

Inafaa kukitazama kwa karibu kilichobadilika hospitalini. Ili chanjo ipimwe kwa haki, kila mtoto aliyelazwa katika vituo vile vyote ilibidi achunguzwe kwa namna moja: kipimo cha damu cha malaria kilichosomwa kwa utaratibu mmoja, damu iliyooteshwa kutafuta bakteria, picha ya kifua pale palipokuwa na dalili za nimonia. Huduma hizo katika hospitali nyingi za wilaya zilikuwa za kubahatisha. Jaribio lilizifanya kuwa za kila siku, na mafundi, wauguzi na matabibu waliofundishwa hawakusahau jaribio lilipokwisha. Ndiyo maana chanjo ya pili ya malaria, R21 ya Chuo Kikuu cha Oxford na Serum Institute ya India, ilipofika awamu ya tatu, Bagamoyo na Kilifi zilikuwa miongoni mwa vituo vyake vitano. Anayesema majaribio ya kampuni hayaachi kitu Afrika hajaviangalia vituo hivi.

Lakini tuangalie pia kilichofuata. Matokeo kamili ya RTS,S yalitoka 2015: kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, chanjo ilizuia asilimia 36 ya malaria kwa kipindi cha miaka minne hivi. Ikaja miaka ya majaribio ya utoaji, yaliyoanza 2019 Malawi, Ghana na Kenya, na Oktoba 6, 2021 Shirika la Afya Duniani likaipitisha. GSK ilikuwa imeahidi bei ya gharama pamoja na asilimia 5. Ahadi hiyo haikuwa na kikomo cha bei, na mkataba wa UNICEF wa 2022 uliiweka bei kwenye euro 9.30 kwa dozi, yaani zaidi ya euro 37 kwa kila mtoto wa dozi nne. Dozi zilizokuwepo kwa 2023 hadi 2025 zilikuwa milioni 18, zikagawiwa kwa nchi 12. Tanzania, Gabon na Msumbiji, ambazo watoto wao walikuwa ndani ya jaribio, hazikuwamo. Mgawo ulifuata uhitaji na maombi ya nchi zenyewe, kwa hiyo si haki kumtupia mtu mmoja lawama. Ninachosema ni kwamba kamati ya ubia ilikuwa imejadili sayansi kwa umakini wa hali ya juu, na kuhusu kiwango cha uzalishaji, bei yenye dari na zamu ya nchi zilizojitolea, hapakuwa na kifungu cha kumbana mtu. Mzazi wa Korogwe aliweka saini fomu ya ridhaa yenye kurasa nyingi. Hakuna aliyeweka saini ya kumwambia chanjo itamfikia mdogo wake lini.

Brussels sasa ina chombo kinachoweza kulirekebisha hilo, kama waombaji wake watakitumia vizuri. Tangu 2021 mpango wa ubia wa Ulaya na Afrika wa majaribio ya tiba, EDCTP, ulioanza mwaka 2003 The Hague, umeingia awamu ya tatu na makao yake yamehamia Brussels kwa jina la Global Health EDCTP3. Ulipoanzishwa, Umoja wa Ulaya uliutengea hadi euro milioni 800, na kanuni iliyouanzisha inawataka wanaopata fedha zake wahakikishe kwamba dawa zitakazotokana nazo zinapatikana kwa bei inayobebeka. Nchi za Afrika zilizo wanachama wa chama cha EDCTP, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, zinakaa upande wa waanzilishi, haziko upande wa wapokeaji tu. Ukanda wetu nao una mtandao wake, EACCR, unaoratibiwa kutoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, na mamlaka za dawa za Afrika zimekuwa zikipitia baadhi ya maombi ya majaribio kwa pamoja kupitia jukwaa la AVAREF. Kinachokosekana ni mkataba mmoja wa ukanda. Kituo cha utafiti kinachojadiliana peke yake na kampuni ya dawa kinajua kwamba kikiweka sharti, kampuni itavuka mpaka. Vituo kumi vyenye sharti moja havina hofu hiyo. Sharti lenyewe si la kubuni upya: nakala kamili ya data na sampuli zibaki ukandani na zitumike kwa maswali ya ukandani, gharama halisi za hospitali zilipwe, na mpango wa baada ya jaribio uandikwe kabla mshiriki wa kwanza hajaingia.

Kwamba inawezekana, kichocho kimeshaonyesha. Watoto walio chini ya umri wa shule waliachwa nyuma miaka mingi katika kampeni za kichocho, kwa sababu kidonge cha prazikwanteli ni kikubwa, kichungu, na hakikuwa na kipimo chao. Wahudumu walilazimika kukivunja na kukisaga. Ubia ulioanzishwa mwaka 2012, wenye kampuni ya Merck ya Ujerumani, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, na wengine, na uliofadhiliwa kwa sehemu na EDCTP, ulitengeneza kidonge kidogo kinachoyeyuka majini, uchungu ukiwa umepunguzwa. Awamu ya tatu ilifanyika Homa Bay na Ivory Coast kwa watoto 288 wa miezi mitatu hadi miaka sita. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kukikubali Desemba 2023, na Shirika la Afya Duniani likakiweka kwenye orodha yake ya dawa zilizohakikiwa mwaka 2024. Kabla maoni hayo hayajatoka, ubia ulikuwa umeshaanza mradi wa pili, nao ukilipiwa na EDCTP, wa kutafuta namna ya kukifikisha kidonge vijijini: nani akigawe, kliniki ya mama na mtoto au mhudumu wa jamii, na kwa gharama gani. Na kiwanda cha Universal Corporation cha Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, kiliingizwa kwenye mpango ili kipewe teknolojia ya kukitengeneza hapa hapa.